Gari Likiwa Tupu

Likiwa na mzigo lilinyamaza. Likiwa tupu lililia. Hivyo ndivyo nilivyolijua gari la mume wangu tangu walipolibadilisha propela, na hivyo ndivyo nilivyojua, kabla halijafika kwenye kona ya mikaratusi, kama anarudi na kitu au anarudi mikono mitupu. Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Ilianza chini ya sakafu, mngurumo wa mtu anayejizuia, kisha ikapanda na kuanza kugonga, na mbwa wetu akaingia chini ya ghala la mahindi asitoke mpaka injini izimwe. Wanawake wenzangu walisema nina masikio ya sungura. Mimi niliwaambia nina mume mmoja tu, na yuko juu ya kile kitu.

Tunakaa chini ya Mogogosiek, upande ambao kilima kinateremka ghafla na chai inateremka nacho hadi mtoni. Barabara yetu inatoka lami ikiwa na adabu, halafu inafika kwenye kituo cha kupimia majani na kuacha adabu hapo. Lori la kiwanda linaishia kituoni. Kuanzia hapo kushuka ni udongo mwekundu, na kwetu mvua si habari, ni kila alasiri. Kabla ya gari hilo tulipandisha majani kwa migongo yetu, na mgongo wangu bado unakumbuka.

Mume wangu akanunua foo-wili ya kizamani, gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, bati tupu, kuukuu kuliko ndoa yetu. Katikati ya barabara kulikuwa na tuta la matope na mawe lililokuwa linakwaruza difu, lile tumbo la chuma katikati ya magurudumu, kila siku, kwa hiyo akaliinua gari. Aliongeza springi za lori, akaweka tairi kubwa, gari likasimama juu kama twiga. Akina mama wa kanisa walikuwa wanalipanda kwa kusukumwa kutoka nyuma, na tulicheka hadi vitambaa vikatutoka kichwani. Lakini lilipanda. Hata mvua ikinyesha mawe lilipanda. Majani ya kijiji kizima yalipanda nalo, na si majani peke yake. Mwanamke akishikwa na uchungu, mzee akizidiwa na kifua, walikuja kumwita yeye. Aliwapandisha hadi lamini, ambako gari la wagonjwa lilikuwa linawangoja, maana dereva wake alikwisha kuapa kwamba hashuki bondeni kwetu hata akiahidiwa ng'ombe.

Niseme waziwazi kwamba nilijivunia. Mume wangu alikuwa na kazi ambayo mtu mwingine hakuiweza.

Shida ni kwamba ukiinua gari hujainua kila kitu. Propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma, lilibaki na urefu wake wa zamani. Sasa lilikuwa limesimama mshazari mno, na krosi zake, vile viungo vya mwisho wa bomba vinavyoliruhusu kujikunja, zilikuwa zinakatika moja baada ya nyingine. Zilikatikia kwenye matope, kila mara tukiwa na haraka.

Fundi wetu alikuwa mtu wa kando ya ziwa, aliyekuja kufanya kazi kwenye karakana ya mashamba makubwa na baadaye akafungua yake nyuma ya soko. Amekaa kwetu hadi anatukana kwa Kipsigis vizuri kuliko sisi. Kitu kimoja tu kilimshinda: mursik. Nilikuwa namkaribisha kibuyu na yeye ananiuliza kwa nini tunatia makaa kwenye maziwa ya ng'ombe asiye na hatia. Huyo ndiye aliyemwambia mume wangu kwamba kubadilisha krosi kila mwezi ni kumpaka mgonjwa mafuta. Alitaka propela mpya, ndefu na nene, krosi kubwa za lori, na sehemu ndefu ya kuteleza. Bomba hilo ni vipande viwili, kimoja kina meno na kinaingia ndani ya kingine kama mkono kwenye mkono wa sweta, ili gari likipanda na kushuka juu ya springi propela iweze kurefuka na kufupika bila kukatika.

Tulipoenda kupima urefu wa propela, gari lilikuwa limejaa majani.

"Mzee, toa mzigo kwanza," fundi alisema. "Hii kitu inapimwa ikiwa empty, halafu ikiwa na mzigo. Zote mbili."

"Hii majani imechunwa asubuhi," mume wangu akajibu. "Nikiimwaga hapa kwa jua, ikifika itakuwa imeungua, na clerk atairudisha."

"Basi rudi kesho."

"Kesho pia ni majani. Kesho kutwa ni majani. Hii gari umeiona siku gani bila majani? Ipime vile inafanyanga kazi."

Nilikuwa nimekaa mbele, dirisha wazi. Nikamwambia, "Baba watoto, si tushushe tu, nitakusaidia." Akanipungia mkono kama anayefukuza nzi.

Lakini niwe mkweli, kwa mtu wa chai maneno yake yalikuwa na akili. Majani mabichi hayangoji mtu. Yakibanwa kwenye gunia yanashika joto, yanageuka mekundu, na kazi ya siku nzima inakuwa takataka. Mtoto wa kwetu anajua hilo kabla ya kujua kusoma. Tunazika leo na kesho tunachuna. Kumwambia mchuna chai ashushe majani barabarani ili bomba lipimwe ni kumwambia mama amweke mtoto chini ili apimwe viatu. Fundi akasonya, akaingia chini na utepe wake, akapima gari likiwa limekaa chini ya uzito. Siku ya kuifunga pia lilikuwa na mzigo.

Alipotoka chini akafuta mikono, akasema neno ambalo mume wangu alikwisha kulijua, ila mimi nililisikia mara ya kwanza. Handibreki ya gari lile la zamani haikushika magurudumu. Ilishika propela, palepale inapotokea giaboksi. Gia pia, ukiegesha nayo, inashika kupitia propela hiyohiyo. "Propela ikitoka," fundi alisema, "hauna handbrake, hauna gear. Uko na mkokoteni." Mume wangu akacheka, akamwambia propela nene hivyo itatoka ikienda wapi.

Na kweli, ilikuwa propela. Wiki ya kwanza alipandisha mizigo miwili kwa wakati wa mmoja. Hakuna krosi iliyokatika. Majirani walikuja kuchungulia chini ya gari kama watu wanaochungulia mtoto mchanga. Jioni alirudi akiimba, na mimi ndiye niliyesikia, chini ya kuimba kwake, ule mngurumo.

Siku chache baadaye gari likiwa tupu uani, nilipiga magoti nikachungulia. Mimi si fundi, lakini nina macho. Pale kipande kimoja kinapoingia kwenye kingine palikuwa na mkanda wa chuma unaong'aa, upana wa viganja viwili, pasipo vumbi wala grisi. Asubuhi yake lilipopakiwa majani nikachungulia tena, na mkanda ulikuwa umemezwa ndani, haupo. Nikaelewa bila kufundishwa. Likiwa na mzigo, mwili wa gari unashuka na bomba linaingia. Likiwa tupu, springi zile za lori zinalinyanyua juu na bomba linachomoka. Lilikuwa limeshikwa na meno ya mwisho tu, na ndiyo maana lilikuwa linalia.

Nilimwambia usiku huo tukila. Akanitazama kwa upole, na upole wake ndio ulionikera.

"Mama watoto, umeanza kuwa mekanika lini?"

"Tangu nione chuma kinataka kutoka."

"Haitoki. Ingekuwa ya kutoka ingetoka. Mvua ikipungua nitampelekea fundi aongeze urefu."

Kwetu mvua haipungui. Nilimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akasema tumbo lake liko sawa, niongeze mboga. Siku nyingine, kwa hasira, nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa. Sikuirudia hiyo. Methali nyingine ukizitamka nyumbani mwako unahisi umeziita.

Hata hivyo alikuwa amenisikia, kwa njia yake. Alishuka mtoni akapakia mawe. Kama gari linataka mzigo ili linyamaze, alisema, basi litakuwa na mzigo siku zote. Kuanzia siku hiyo, akishusha majani kituoni alirudi na mawe yake, na likanyamaza. Jumapili akina mama wa kanisa walikaa juu ya mawe na leso zao, wakamuuliza kama anatupeleka ibadani au kujenga daraja. Wote walicheka. Mimi nilikuwa nimekaa mbele na mguu wangu nimeukaza sakafuni, nikisikiliza. Hofu yangu ilikuwa moja na sikuificha: kwamba gari hili litaniulia mume. Nilimwambia hivyo wazi, mbele ya mama yake. Mama yake akasema tuache kutaja mambo, chakula kiko mezani.

Mawe hayo yaliondoka Jumamosi moja, na aliyeyataka ni huyo huyo mama mkwe wangu. Boma lake lilikuwa bwawa la matope, na ng'ombe wake mmoja alikuwa ameanza kuchechemea, kwato zimeoza.

"Unatembeza mawe kila siku kama bibi harusi," alimwambia mwanawe, "na ng'ombe yangu anakufa miguu?"

Mtoto gani anamnyima mama yake mawe? Akalirudisha gari nyuma hadi penye boma, nyuma yake ikielekea juu na pua ikitazama bondeni, akaweka gia, akavuta handibreki. Wanawake majirani wakaja kusaidia kushusha. Mmoja akapanda juu ya gari, akawa anawapokeza wenzake mawe, nao wanayapanga bomani. Ilikuwa alasiri njema, mawingu bado yako upande wa Sotik. Watu walikuwa wanataniana.

Mume wangu hakuwa mtu wa kukaa bure. Kwa kuwa gari limesimama na wengine wanafanya kazi, aliona atumie nafasi hiyo kutia krosi grisi. Nilipotoka jikoni na birika la chai niliona buti zake tu, zimetokeza chini ya gari.

Nikaweka birika chini. Nakumbuka nililiweka vizuri, nikatafuta mahali tambarare. Kisha nikainama.

Alikuwa amelala chali chini ya propela, anasukuma grisi, uso wake umetulia kabisa. Juu yake wanawake walikuwa wanatoa jiwe, na gari lilikuwa linapanda. Huwezi kuona kupanda kwenyewe. Ila niliuona ule mkanda unaong'aa, na ulikuwa mpana kuliko nilivyowahi kuuona. Ukatoka jiwe jingine, na sehemu nyingine ya chuma safi ikajitokeza. Meno yaliyobaki ndani yalikuwa ya kuhesabika. Gari zima, kwenye mteremko ule, lilikuwa limeshikwa na hayo tu. Mawe yote yale uani, na hakuna aliyekuwa ameweka hata moja mbele ya tairi.

"Toka!" nilimwambia. "Toka chini sasa hivi!"

"Namaliza hii moja."

"Toka, nakwambia! Na ninyi, acheni mawe! Acheni!"

Sauti yangu ilikuwa kubwa. Wanawake wakaacha, kama nilivyotaka. Yule aliyekuwa juu ya gari, akidhani kuna nyoka au kuna mtu ameumia, akaruka chini kuja kuona. Alikuwa mwanamke wa mwili. Yeye ndiye aliyekuwa mzigo wa mwisho. Sijawahi kumwambia hivyo, na kama atasoma ukurasa huu ajue simlaumu, sikumlaumu hata dakika ile.

Gari likapumua juu, kidogo tu. Bomba likatoka.

Halikufanya kelele niliyokuwa nimeingoja miezi yote ile. Lilianguka mbavuni mwake kwa sauti ya kitu laini, na gari likaanza kwenda. Likaenda hatua moja labda. Ncha ya bomba ikachimba udongo kando ya kwapa lake, bomba likamkandamiza, na gari likasimama hapo, limejiegemeza juu yake. Nilikuwa nimeshika buti yake moja. Nilikuwa navuta, na mguu ulikuwa unakuja lakini yeye hakuwa anakuja.

Akazungumza kwa sauti ya kawaida. "Usivute. Weka mawe mbele ya tairi."

Tukaweka mawe. Mama yake aliweka mawe, kwa mikono yake, akisema jina la mwanawe na jina la Mungu kwa zamu. Wanaume walikuja mbio kutoka mashambani, wakalisukuma gari nyuma, wakamtoa. Hakukuwa na damu ya kutisha. Nilimwambia utapona, na niliamini, kwa sababu sikuona damu. Lakini upande wake mmoja ulikuwa umeingia, na tumbo lilikuwa gumu chini ya mkono wangu.

Wakapiga simu. Gari la wagonjwa likasema linakuja, hadi lamini, kama kawaida.

Wakati huo mvua ikaanza.

Naona watu wakiniuliza kwa nini hatukufanya hivi au vile. Tulifanya. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alijua kwamba gari la namna ile linaweza kwenda kwa magurudumu ya mbele peke yake, ukilitia foo-wili. Tukamlaza ndani juu ya magodoro, likawaka, likatambaa hadi kwenye kona ya mikaratusi. Hapo mlima unaanza. Magurudumu ya mbele yakazunguka na kurusha udongo, gari likateleza kando likakaa mtaroni. Walijaribu kulisukuma. Walikata chai wakaitupa chini ya tairi. Mimi nilikuwa ndani, nimeshika kichwa chake, na kila lilipotikisika alikuwa anatoa sauti ambayo sitaiandika. Nikawaambia basi.

Wakatengeneza machela kwa miti miwili na magunia ya majani. Wanaume wakapokezana, wanateleza, wanapiga magoti, wanainuka. Nilitembea kando yake. Hakuzungumza sana. Mara moja aliniambia nijifunike, nitalowa. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia vile nilivyokuwa namkasirikia kila siku, kwamba wewe ndiye wa kuniambia mimi nijihadhari, na niliamua kwamba akipona nitamwambia hilo kwa kirefu. Nilikuwa nayapanga maneno. Nilikuwa bado nayapanga nilipoona mkono wake umening'inia nje ya gunia na unapigwa na mvua, na yeye haurudishi ndani.

Sikumwambia mtu. Nikaurudisha mwenyewe, nikaushikilia hapo, tukaendelea kupanda. Sikutaka waache kupanda.

Gari la wagonjwa lilikuwa limesimama lamini, milango wazi, taa zinazunguka kwenye mvua. Dereva alikuwa nje na mwavuli. Alikuwa akimjua mume wangu. Walikutana mahali pale mara nyingi, mmoja akileta mgonjwa na mwingine akimpokea. Aliwaona wanaume wamepakwa matope hadi vichwani, akaiona machela, mimi hakunitambua. Akamulika tochi barabarani kule chini tulikotoka.

"Mbona mmembeba kwa mikono mlima yote hiyo, mama?" akaniuliza. "Leo yule mzee wa ile gari ya juu ako wapi?"

Nikaondoa gunia lililomkinga uso na mvua, akaona mwenyewe.